Hatuna Pingamizi

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia sabuni kabla ya kulisoma, nakusamehe. Hata mimi nisingependa kujisoma. Nikurudishie kwa ufupi.

Mimi ndiye mwenye kile chumba cha kuchapa barua na kutoa kopi pale njia panda, mlango wa bluu. Mtaani wananiita Kopi. Zamani nilifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, nikafukuzwa kwa kuchapa kadi mia nne za harusi zenye jina la dada wa bibi harusi. Harusi ilifanyika. Na nani, sisemi.

Mama mkwe wangu alipoisikia habari hiyo siku ya posa, aliwauliza wazee wangu: "Jina la bibi harusi wa watu limemshinda, la binti yangu ataliweza?"

Binti nilimpata. Imani ya mama yake sikuipata. Miaka minne alinipa salamu na kiti, basi.

Kisha ikaja kampuni ya gesi. Wanataka kile kiwanja nyuma ya nyumba ya mama mkwe wajenge mtambo: bomba nene linaingia, gesi inapunguzwa nguvu, inatoka kwa mabomba membamba kwenda viwandani. Kutoka ukuta wake hadi ukuta wao ni hatua kumi na moja. Nilizipima kwa miguu yangu mwenyewe.

Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ilianza kulia mikononi mwake, kwa hiyo wakazi wakamchagua awaongoze kupinga. Akaandika barua kwa mkono, mistari mitatu, akaileta kwangu niichape. Kwangu mimi. Watu mia moja themanini na sita wakaweka saini. Siku ya kikao, ofisa wa kampuni akasimama mbele ya ukumbi wa shule akaisoma kwa sauti:

"Sisi wakazi hatuna pingamizi na ujenzi wa mtambo wa gesi katika mtaa wetu."

Hapo ndipo nilipokuacha.

Kisha Fundi Viatu, jirani yangu wa kazini, akasema, "Rudia hapo."

Ofisa huyo tunamwita Bwana Tai. Ni tai ya shingoni, si yule wa angani, ingawa wote wawili huzunguka juu ya kilichokufa. Akarudia taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Hatuna. Pingamizi."

"Si ulituambia ni barua ya kupinga, Mkunga?"

"Ni ya kupinga," alisema mama mkwe.

"Mbona haipingi?"

Akaiomba barua. Akaishika mbali, akaileta karibu, akaishika mbali tena. Midomo yake ilikuwa inasoma bila sauti.

"Saini ni yangu," alisema. "Maneno si yangu."

"Mama," Bwana Tai akasema kwa upole, "saini iko chini ya maneno."

Watu wakaanza kuinuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa amembeba mtoto akasema si kwa mtu yeyote, "Kumbe tumeongozwa mpaka mlangoni tukauzwa." Mtoto huyo Mkunga ndiye aliyemkata kitovu.

Sasa niungame, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Mimi nilijua palepale. Nilijua kwenye ile "ha".

Sisi wachapaji wa njia panda hatuanzi barua upya. Anayeanza barua upya ana muda, na mwenye muda hana wateja. Tunafungua barua ya zamani iliyofanana, tunabadilisha majina na tarehe, tunachapa. Mwaka jana Seremala alitaka kufungua karakana, akahitaji barua ya majirani. Nikamwandikia: Sisi majirani hatuna pingamizi na ujenzi wa karakana ya mbao katika mtaa wetu. Barua nzuri. Karakana ipo, inakula mbao mpaka leo.

Mkunga alipoleta yake, mke wangu akampokea mlangoni, na mimi nikafungua ya Seremala. Nikafuta "majirani", nikaweka "wakazi". Nikafuta "karakana ya mbao", nikaweka "mtambo wa gesi". Akaingia mteja wa kopi za vyeti, nikamhudumia, tukataniana, akaondoka. Nikarudi, nikaona barua imekaa vizuri. Nikachapa.

Herufi mbili. Ukizitamka peke yake ni kicheko.

Kwa nini hakuna aliyeisoma? Kwa sababu Mkunga alikwenda nayo nyumba kwa nyumba akiwasomea kwa kichwa. Aliyejua alichoandika hana haja ya kusoma. Na aliyezalishwa na mtu hamuulizi, "Hebu nione." Walisaini kwenye jedwali, karatasi ya kwanza imekunjwa nyuma. Mimi mwenyewe ni saini ya saba.

Pale ukumbini nilikuwa safu ya tatu. Kusimama kunataka magoti tu, na magoti nilikuwa nayo. Lakini nikamwona mama mkwe ananitafuta kwa macho, akaniona, akanikubalia kwa kichwa, kama anayesema: angalau huyu yuko upande wangu.

Nikabaki nimekaa.

*

Kesho yake asubuhi sijafungua hata dirisha, amefika.

"Hujambo, mkwe wangu."

Miaka minne nilikuwa "wewe". Sasa nimekuwa "mkwe wangu", na siku yenyewe ndiyo hiyo.

"Sijambo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua ile karatasi yangu ya mkono. Nataka nione kama ni mimi niliyekosea."

Ukutani kwangu, juu ya printa, kuna msumari mrefu. Kila karatasi ya mteja nikishaichapa naichoma humo, inakaa mwezi mzima, ili mtu asije akaniambia sikusema hivyo. Mtaa mzima unaujua msumari huo. Karatasi yake ilikuwa ya tatu kutoka juu. Nilikuwa nimeichomoa dakika tano kabla, iko mfuko wa shati, juu ya moyo, na moyo unaipiga ngumi.

"Mama, juzi nilisafisha msumari."

"Ukaitupa?"

"Itakuwa ilitoka na nyingine."

Akaukazia macho ule msumari. Ulikuwa bado na karatasi kama ishirini. Hakuuliza kwa nini zilibaki hizo. Laiti angeuliza.

"Maana nakumbuka niliandika 'tuna'," alisema. "Nakumbuka kabisa. Lakini na mwaka jana nilikumbuka nimefunga bomba la maji, nikakuta uwanja umefurika."

"Hilo humpata kila mtu, Mama."

"Likikupata wewe, ni usahaulifu. Likinipata mimi, ni umri." Akacheka kidogo. "Haya. Usimwambie mke wako nimekuja. Atanipeleka kwa daktari."

Akaondoka akitembea taratibu kuliko alivyokuja.

Ningeweza kumkimbilia. Ni hatua chache, na yeye si mwepesi. Badala yake nikafungua dirisha nikaanza kazi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kweli, lakini kila nilipofika mwisho niliongeza kipande.

*

Mtaa haukumpiga Mkunga. Ulimfanyia kibaya zaidi, ulimwamkia haraka.

Fundi Viatu, ambaye mdomo wake na sindano yake havipumziki, akaniuliza, "Kopi, hebu tuambie. Mama mkwe wako amelambishwa asali?"

"Yule hali asali."

"Basi amevutishwa gesi."

Waliokuwa wakisubiri viatu wakacheka. Na mimi nikacheka. Mwenye makosa hucheka mapema, asije akaonekana hajacheka.

"Mimi nasema hakuuza," akasema mmoja, kijana mwenye kiatu kimoja mguuni. "Nasema kichwa kimeanza kumwacha. Juzi kaniita jina la kaka yangu."

"Hilo ni kweli," Fundi Viatu akasema, na safari hii hakutania. "Basi tumwonee huruma. Tumtafute mwingine wa kutuongoza."

"Wa kuongoza nini? Tumeshakubali kwa maandishi."

Huruma ile iliniuma kuliko tusi. Wakisema ameuza, atagombana nao. Wakisema amezeeka, atagombana na nani?

Jumapili mke wangu akataka twende kwa mama yake. Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza, na kila Jumapili mama yake humlaza kwenye kochi, humshika tumbo, kisha husikiliza moyo wa mtoto kwa kile kibomba chake cha mbao. Ndiyo saa niliyokuwa naipenda nyumbani kwa wakwe. Mkunga akisikiliza, hata saa ya ukutani hupunguza sauti.

Siku hiyo mke wangu akajilaza mwenyewe. "Mama, leo amecheza sana. Njoo umsikie."

Mama mkwe hakuondoka kwenye kiti.

"Nenda kliniki, mwanangu. Wana mashine."

"Mashine hainiambii kama amekaa vizuri. Wewe ndiye huniambia."

"Nitakuambia amekaa vizuri, kumbe nimesahau vizuri ni vipi."

"Mama, unasema nini?"

"Mkono ulioandika vile usishike mtoto wa mtu."

Mke wangu akaketi. Akanigeukia, anataka nimsaidie.

"Mwambie," akasema. "Mwambie hilo ni kosa tu, mtu yeyote anakosea."

"Mtu yeyote anakosea, Mama," nikasema.

Msomaji, hakuna uongo humo. Ndiyo maana nausikia mpaka leo.

*

Jumatatu Bwana Tai aliingia dukani kwangu. Si kunitafuta mimi. Alitaka huduma.

"Kopi ishirini za hii, tafadhali. Safi, zisiwe na mistari."

Akaniwekea mkononi barua yenyewe. Hatuna pingamizi. Nikainua kifuniko cha mashine, nikailaza kifudifudi, nikabonyeza. Mwanga ukapita chini yake mara ishirini. Nimewahi kutoa kopi za hukumu za watu, za talaka, za vyeti vya kufeli. Sijawahi kutoa za kwangu.

"Ni barua nzuri," alisema. "Fupi. Wakazi wengi huandika kurasa tano za matusi."

"Mkunga hapendi maneno mengi."

"Uliichapa wewe?"

"Nachapa nyingi."

Akatabasamu. Huyo bwana si mjinga. Mtaa ulioimba nje ya ofisi yake wiki mbili kumpinga hauandiki barua ya kumkaribisha. Alijua kuna mahali mtu ameteleza, na hakuwa na haraka ya kumwinua.

"Na rasimu yake ya mkono unayo?" aliuliza, anahesabu kopi.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Nikachukua ile niliyoizoea.

"Nilisafisha msumari."

"Sawa," alisema. "Nilitaka kujua tu."

Alipotoka, Fundi Viatu akachungulia. "Alitaka nini?"

"Kopi."

"Angekuchukua wewe basi, si ndiyo jina lako?"

*

Jumatano nikakata shauri. Lakini nikalikata kwa upande usio na makali.

Nilisema: nitalirekebisha kimyakimya. Nikachapa barua ya masahihisho, kwamba kwa kosa la kiufundi neno "tuna" lilitokea kama "hatuna", samahani kwa usumbufu. Kosa la kiufundi. Kama vile kompyuta iliamka peke yake, ikaoga, ikafanya.

Nikaipeleka ofisi ya vibali. Karani wa pale ni mama wa makamo mwenye mhuri na kikombe cha chai, na huvishika vyote kwa uzito uleule. Akaisoma mara mbili.

"Nani amekutuma?"

"Nimejituma."

"Barua ya kwanza ina saini mia moja themanini na sita. Hii ina ngapi?"

"Haina."

"Basi hii ni karatasi." Akanirudishia. Kisha akaniangalia vizuri, nadhani aliona jasho. "Sikiliza, kaka. Kosa la uchapaji hurekebishwa. Tunaona mengi. Lakini linathibitishwa na rasimu ya mkono, na aliyeiandika aje nayo mwenyewe. Ipo?"

"Ipo."

"Mwisho wa kupokea maoni ni Ijumaa, saa tisa na nusu. Baada ya hapo barua iliyopo ndiyo itakayosimama, na kibali kitatoka."

Kwa hiyo kitu pekee kilichoweza kumwokoa Mkunga ni kile nilichomwambia nimekitupa. Kilikuwa bado mfuko wa shati. Nilikuwa nimebadilisha mashati matano, nakihamisha kila asubuhi kama dawa.

*

Alhamisi mchana nikaenda kwake. Nilimkuta mezani, anakifunga kile kibomba cha mbao kwenye kitambaa cheupe.

"Nampelekea muuguzi wa kliniki," alisema. "Kikae na mtu anayejua."

"Mama, nina neno."

"Kaa."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri. Umekaa kama mtu wa kukimbia."

Nikatoa karatasi. Ilikuwa imelegea kwa jasho na kukunjwakunjwa, lakini mwandiko wake wa kiuguzi, ule unaoegemea kushoto, ulisomeka. Akaishika mbali. Akaisoma hadi mwisho.

Sisi wakazi tuna pingamizi.

Alirudia lile neno kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Tuna," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Niliandika tuna."

"Uliandika tuna. Mimi ndiye niliyechapa hatuna. Nilifungua barua ya Seremala, nikasahau kufuta."

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandalia hata majibu. Akavuta pumzi ndefu sana, kama mtu aliyekuwa chini ya maji, akaegemea kiti, akafumba macho. Alikuwa anafurahi. Mama mkwe wangu alikuwa anafurahi, na mimi ndiye niliyemnyima furaha hiyo.

Alipofumbua macho, furaha ilikuwa imeisha.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Leo?"

"Ile ya kikao."

Akahesabu kwa vidole. Mkunga huhesabu siku kwa vidole, ni mazoea ya kazi.

"Siku saba nzima," alisema. "Unajua nilichofanya siku hizo? Kila asubuhi kabla ya kuinuka najitajia watoto niliowazalisha, mmoja mmoja, nione kama nimewapoteza. Nikikwama kwa mmoja, siamki mpaka nimpate."

"Mama, naomba unisamehe."

"Lile la herufi mbili ningekusamehe palepale ukumbini. Ningekucheka mpaka watu wakasahau mambo ya gesi. Hili lingine sijui linaitwaje, nikijua nitakuambia." Akaikunja karatasi. "Mke wako anajua?"

"Hapana."

"Mwambie leo. Mwenyewe. Asije akalisikia kwa mwingine."

"Ndiyo, Mama."

Nilirudi nyumbani na ile "ndiyo" mdomoni. Mke wangu alikuwa sakafuni, amezungukwa na nguo ndogondogo, anazipanga kwa ukubwa. Akanionyesha soksi moja isiyozidi kidole gumba changu. "Hii akiipoteza tutaitafutia wapi?" aliuliza, na akacheka vizuri, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Nikasema nitamwambia akimaliza kupanga. Akamaliza. Nikasema nitamwambia asubuhi.

Asubuhi nikatoka mapema.

*

Ijumaa, saa nane na nusu, mimi na Mkunga tukasimama mbele ya karani. Alikuwa amevaa gauni la kazi la zamani, limepigwa pasi mpaka linakata. Akaweka karatasi mezani.

Karani akaisoma. Akaichukua barua iliyochapwa, akaziweka pamoja.

"Hapa 'tuna', pale 'hatuna'. Kosa la wazi." Akanyoosha mkono kuelekea mhuri.

"Samahani," sauti ikasema nyuma yetu.

Bwana Tai alikuwa kwenye benchi la ukutani, ana faili mapajani. Amekuja kusubiri saa tisa na nusu, kama wanavyosubiri waliojua watashinda.

"Sina nia ya kumvunjia mama heshima. Lakini Jumatatu nilimuuliza bwana huyu kama anayo rasimu. Akaniambia haipo."

Karani akaurudisha mkono. "Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

Nikagusa mfuko wa shati, ulikuwa mtupu.

"Na mtaani pia," Bwana Tai akaongeza. "Kila ninayemuuliza anasema mama aliambiwa karatasi ilitupwa. Leo, saa ya mwisho, imefufuka. Mimi sisemi imeandikwa jana. Nauliza tu."

Unaona sasa. Kosa langu lilikuwa bado linarekebishika. Uongo wangu ndio uliolifungia mlango. Karatasi ilikuwa ya kweli, mwandiko wa kweli, hata tundu la msumari lilikuwepo, lakini ilikuwa imekaa siku saba kwenye mfuko wa mwongo, na sasa ilinuka mfuko.

Karani alitafakari. "Kuna mtu mwingine aliyeiona karatasi hii kabla haijachapwa? Asiwe aliyeandika wala aliyechapa."

"Yupo," Mkunga akajibu kabla yangu. "Binti yangu. Ndiye aliyenipokea dukani siku ile. Aliishika mkononi, akanicheka mwandiko bila kuisoma. Anajua kila kitu, mumewe amemweleza jana."

Akanigeukia nithibitishe. Nikatazama kikombe cha karani.

"Hukumwambia," Mkunga alisema.

Hakupandisha sauti. Akamwomba karani simu, akampigia mwenyewe. "Njoo ofisi ya vibali, mwanangu. Usikimbie. Chukua gari."

Saa tisa na dakika tano mke wangu akaingia, mkono mmoja mgongoni, amejaa tabasamu. Alidhani ni habari njema.

"Wamekubali kuirekebisha?"

"Kaa kwanza," karani akamwambia, na akamweleza. Alimweleza kwa lugha ya ofisi, bila kunionea na bila kunifunika: rasimu hii ilikuwepo, mumeo alikuwa nayo tangu siku ya kikao, alisema imetupwa, leo ameileta, inahitaji shahidi. Mambo manne. Nilimwona mke wangu akiyapokea moja moja, na kwa kila moja tabasamu likashuka ngazi.

Alimtazama mama yake kwanza. Kwa muda mrefu. Kisha yale macho yakaja kwangu, na sikuyafahamu.

"Bibi," karani akasema, "unaitambua karatasi hii? Uliiona kabla ya barua kuchapwa? Ndiyo au hapana. Zimebaki dakika ishirini."

Mke wangu akasogeza kiti karibu na meza.

"Jibu tu," Bwana Tai alisema. "Kama hukuiona, hukuiona."

"Usimharakishe," Mkunga akamwambia. "Mjamzito haharakishwi." Jina lake, ukuta wake na akili yake vyote vilikuwa juu ya meza ile, na bado alisema hivyo.

Mke wangu akaivuta karatasi, hakuisoma. Akaweka kiganja juu yake.

"Nitajibu," alisema. "Namuuliza mume wangu swali moja kwanza."

Karani akatazama saa, akakubali kwa kichwa.

"Kama ungekuwa na shahidi mwingine," aliniuliza, taratibu, "mimi ungeniambia?"

Nimechapa barua za watu miaka tisa. Za kuomba kazi, za kuomba radhi, za kuomba mtoto arudishwe shule. Najua maneno mengi mazuri. Hapo yalitakiwa mawili tu, ndiyo na hapana, nichague moja, na moja lilikuwa la kweli.

Karani, kalamu juu ya karatasi, alikuwa anasubiri jibu la mke wangu. Mke wangu alikuwa anasubiri langu.